Mjane wa Kariakoo na pensheni isiyoandikwa: jibu kwa msomaji wa Siaya

Msomaji wetu mmoja wa Gem, katika kaunti ya Siaya, ameandika kwamba babu yake mzaa baba alichukuliwa na watu wa chifu mwaka 1917, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kwenda Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza (Carrier Corps), asirudi tena. Kwamba mkewe alirithiwa na shemeji yake na kuzaa naye watoto wengine. Na kwamba katika simulizi za nyumbani kwao hakuna anayekumbuka serikali kuleta hata senti moja. Amesoma kuwa katika vita hivyohivyo wajane wa Uingereza walipokea pensheni kila wiki. Anauliza mambo matatu: je, sheria ilimnyima bibi huyo haki, au alikuwa nayo akadhulumiwa, je, jamii ilimtendea wema au ilimfanya mali ya ukoo, na je, leo kuna lolote ambalo familia inaweza kulifuatilia?

Kwa swali la kwanza, jibu fupi ni kwamba yote mawili yalitokea. Pensheni hakuwa nayo, kwa sababu hakuna sheria iliyomwandikia mjane wa mpagazi pensheni. Alichokuwa nacho ni haki ya salio la mshahara wa marehemu mumewe, na haki hiyo, kwa maelfu ya familia, ilipotelea katika madaftari. Hata hivyo nisingependa msomaji aishie hapo, kwa maana anaweza kudhani kwamba wajane wa Afrika Mashariki walisahauliwa kwa bahati mbaya, katika ghasia za vita. Hawakusahauliwa. Serikali ya kikoloni ilitegemea kwamba ukoo ungemlisha mjane bila gharama kwa hazina, na gharama za vita vile zilihesabiwa juu ya tegemeo hilo.

Tuanze na hadhi ya mpagazi mwenyewe, kwa kuwa mjane hupimwa kwa kipimo cha mumewe. Vita vilipoanza Agosti 1914, majeshi ya Uingereza na Ujerumani katika Afrika Mashariki yalikuta nchi isiyo na barabara za kutosha, yenye mbung'o waliokuwa wakiua farasi na ng'ombe, na reli chache tu. Silaha, unga na majeruhi vilibebwa na watu. Mwanzoni wapagazi waliajiriwa kwa hiari, angalau kwa jina. Mwaka 1915 serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, ilitunga sheria iliyoruhusu kuwakamata watu kwa lazima, na mshahara ukashushwa hadi takriban rupia 5 kwa mwezi. Kikosi cha wapagazi kiliongozwa na Oscar Watkins, ambaye kabla ya vita alikuwa ofisa wa utawala. Mnamo Machi 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, alipewa kazi ya kukusanya watu kwa wingi zaidi, na katika miezi iliyofuata wilaya za Nyanza, Ukambani, Kikuyu na Pwani zilitoa watu zaidi ya 120,000. Babu wa msomaji wetu, kwa mwaka anaoutaja, yaelekea alikuwa mmoja wao.

Machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa, na chifu aliyepewa idadi hachagui watoto wa nyumba kubwa. Waliotangulia kuchukuliwa walikuwa wale wasio na mtu wa kuwatetea: vijana wa koo ndogo, wageni waliopewa ardhi na wenyeji, wana wa wanawake wajane. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu lina maana kwa yaliyofuata. Nyumba nyingi zilizopata wajane wa vita zilikuwa tayari ndizo zenye ndugu wachache na mifugo michache, na kwa hiyo ule ukoo ambao serikali iliutegemea ulikuwa dhaifu zaidi pale ulipohitajika zaidi.

Walikufa kwa namna ambayo haina utukufu wowote wa kivita. Risasi iliua wachache. Kuhara damu, nimonia, malaria na njaa ndivyo vilivyoua wengi, na sababu mojawapo iliyotajwa sana ni unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusunusu kwa watu ambao wengine wao hawakuzoea kula mahindi. Kwa jumla Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika kampeni hiyo. Vifo vilivyokubaliwa rasmi vilikaribia 100,000, na zaidi ya 40,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watu wa Kenya. Wanahistoria wengi wanaona kwamba idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni mjini London aliandika, kwa kejeli iliyojaa ukweli, kwamba kampeni ile iliponea chupuchupu kuwa kashfa kwa kuwa walioumia zaidi walikuwa wapagazi, na nani awajali wapagazi wenyeji? Hesabu za vita zina safu ya watu waliofariki na safu ya wanyama waliofariki. Safu ya wajane haimo.

Sasa tumtazame mwenzake wa Uingereza ambaye msomaji amemtaja, maana ulinganisho huo ni wa haki ikiwa tu tutauona wote. Kabla ya 1914 hata mwanamke Mwingereza hakuwa na mengi: pensheni ya serikali kwa mjane wa askari wa kawaida ilianza mwaka 1901, wakati wa vita vya Makaburu, ikiwa shilingi 5 kwa wiki, na ilimhusu tu yule aliyeolewa kwa idhini ya jeshi. Vita Vikuu vilipohitaji mamilioni ya watu, na watu hao wakawa wapiga kura au ndugu wa wapiga kura, serikali ililegea haraka. Pensheni ilifika shilingi 10 mwaka 1915, ikawa shilingi 13 na peni 9 mwaka 1917, na mwaka 1919 mjane mwenye watoto alikuwa akipata shilingi 26 na peni 8 kwa wiki, pamoja na nyongeza kwa kila mtoto. Rupia ya Afrika Mashariki wakati wa vita ilikuwa na thamani ya shilingi 1 na peni 4. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba pensheni ya wiki moja ya mama huyo ililingana na rupia 20, yaani mshahara wa miezi minne ya mpagazi aliyekuwa hai na mzigo kichwani.

Pensheni hiyo, hata hivyo, ilikuja na jicho. Tangu mwishoni mwa 1914 polisi walishirikishwa kuchunguza mwenendo wa wake za askari waliopokea posho, na baadaye kamati za pensheni ziliweza kumnyima mjane fedha zake kwa ulevi, kwa kutotunza watoto, au kwa kuishi na mwanamume bila ndoa. Majirani walipeleka barua za siri. Mjane akiolewa tena pensheni ilikoma, naye akapewa mkupuo mmoja wa kumuaga. Sharti hilo la ndoa lilidumu sana: ni kuanzia tarehe 1 Aprili 2015 tu ndipo serikali ya Uingereza ilipowaruhusu wajane wa wanajeshi waliokuwa chini ya mipango ya zamani kubaki na pensheni zao wakiolewa. Dola ilijifanya mume wa badala, mwenye wivu wa mume.

Hapo ndipo tofauti kubwa kati ya wanawake hao wawili inapoonekana, nayo si ya fedha tu. Kwa Mwingereza, kuingia kwa mwanamume mwingine nyumbani kulikuwa kosa la kumfutia riziki. Kwa mjane wa Gem, serikali hiyohiyo, katika miaka hiyohiyo, ilichukulia kuwa mwanamume mwingine hana budi kuingia nyumbani, na kwamba huyo ndiye pensheni. Maofisa waliosimamia mambo ya Kavirondo, kama nchi ya Nyanza ilivyoitwa wakati huo, waliujua vizuri utaratibu wa kurithi wajane na waliuona kuwa msaada mkubwa kwa hazina.

Haki iliyobaki, kama nilivyosema, ilikuwa salio la mshahara. Watkins alijitahidi kuweka kumbukumbu: kila mpagazi alipewa namba, na namba hiyo ikachongwa kwenye kisahani cha chuma alichokivaa mwilini. Kwenye karatasi utaratibu ulikuwa mzuri. Mpagazi akifa, namba yake ingefuatwa hadi wilaya yake, mkuu wa wilaya angemwita chifu, chifu angemtafuta mrithi, na mrithi angelipwa. Kila kiungo cha mnyororo huo kilikuwa na mahali pa kukatikia. Makarani waliandika majina ya Kijaluo, Kikamba na Kinyamwezi jinsi masikio yao yalivyoyapokea. Mtu mmoja alijitaja kwa jina la baba leo na kwa jina la utani kesho. Wengine waliandikishwa mbali na kwao. Wengine walihamishwa kutoka idara moja ya jeshi kwenda nyingine na namba mbili tofauti. Aliyeanguka porini wakati msafara unakwenda aliweza kuandikwa kuwa amepotea, au hata kuwa mtoro. Nyumbani, mrithi aliyetambuliwa kwa mila alikuwa kaka au mtoto wa kiume. Mjane hakuwa na jina lolote katika daftari lile.

Baada ya vita fedha nyingi za marehemu zilibaki bila wenyewe, na hapa ndipo neno dhuluma linapopata uzito. Serikali ya Kenya iliomba London itoe fedha hizo zitumike kwa manufaa ya jamii zilizotoa watu hao, kwa kuwa kila mtu alijua zilikotoka. Wizara ya Vita ilikataa. Hoja yake ilikuwa ya kihasibu: fedha ambazo mwenyewe hajatokea hurudi kwenye hazina. Kwa hiyo Afrika Mashariki iliupa utawala wa Kifalme watu, kisha ikauachia na mishahara yao. Wakati huohuo, mwaka 1919, mpango wa kuwagawia ardhi askari wastaafu ulifungua mashamba zaidi ya 1,000 katika nyanda za juu za Kenya, sehemu yake ikimegwa kutoka ardhi ya Wanandi, na mpango huo ulikuwa wa Wazungu peke yao. Anayesema kwamba serikali baada ya vita haikuwa na uwezo wa kumkumbuka aliyepigana ajibiwe kwa mpango huo.

Kuna jambo jingine ambalo simulizi za familia mara nyingi hulihifadhi vizuri kuliko vitabu, nalo ni kodi. Serikali iliyoshindwa kumwona mjane wakati wa kulipa ilimwona bila taabu wakati wa kutoza. Kodi ya nyumba ilihesabiwa kwa kila nyumba, kwa hiyo nyumba ya mjane nayo ilihesabiwa na mtu akapaswa kuilipia. Wakati wa vita kodi hiyo ilipanda kutoka rupia 3 hadi 5, ikafika 8 mwaka 1920. Katika miaka iliyofuata njaa ya 1918 na homa kubwa ya mafua iliyoingia mwaka huohuo, rupia 8 zilikuwa mbuzi kadhaa. Shemeji aliyerithi nyumba alirithi na kodi yake, na wapo waliokataa kurithi kwa sababu hiyohiyo. Mkutano mkubwa uliofanyika Lundha, huko huko Gem, mnamo Desemba 1921, uliozaa chama cha vijana wa Kavirondo, ulitoa madai ambayo miongoni mwake yalikuwa kupunguzwa kwa kodi na wanawake kuondolewa kabisa katika kutozwa. Ninashawishika kwamba dai hilo la pili lilikuwa na wajane wa vita nyuma yake, kwa kuwa nchi ya Nyanza ilikuwa imetoa wapagazi wengi, na mwanamke mwenye nyumba isiyo na mume alikuwa sura ya kawaida kila kijiji. Mwaka uliofuata kodi ilishushwa.

Nije sasa kwenye jamii, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu swali lake, kwamba jamii ilimtendea wema au ilimfanya mali, linaweka milango miwili tu mahali penye nyumba yenye vyumba vingi. Katika mila ya Wajaluo mume akifa ndoa haifi. Mjane hubaki kuwa mke wa marehemu. Anayemrithi, yaani jater, husimama mahali pa ndugu yake, na watoto watakaozaliwa huitwa watoto wa marehemu. Kwa utaratibu huo mjane hakufukuzwa nyumbani, shamba lake halikugawanywa, na jina la mumewe halikuzimika. Hayo ni mambo makubwa, na mjane wa mji wa viwanda wa Uingereza, aliyetolewa chumba cha kupanga kwa kushindwa kulipa kodi, angeyatamani.

Lakini mila hiyo ilitungwa kwa ajili ya kifo kinachojulikana. Mtu anafia nyumbani au karibu na nyumbani, anazikwa uani kwake, siku za kilio zinahesabiwa, ndipo mambo ya mjane yanafunguliwa. Kariakoo iliondoa maiti. Mwanamke alibaki na mume ambaye si hai wala si mfu. Hawezi kunyolewa kichwa cha msiba, hawezi kurithiwa, na mtoto akizaliwa kabla ya mambo kuwekwa sawa anakuwa na doa. Wazee walikuwa na njia: aliyefia mbali bila mwili wake kupatikana alizikwa kwa mfano, kwa kutia kaburini tunda la yago, lile tunda refu zito la mwegea, na kwa hilo msiba ukawa halali. Miaka iliyofuata 1918 lazima matunda hayo yalichimbiwa sana katika nchi ya Nyanza. Msomaji aulize nyumbani kama kwao lilifanyika, na nani aliamua siku. Kwa maana muda uliopita kati ya mume kuondoka na tunda kuzikwa ndio muda ambao bibi yule aliishi bila hadhi yoyote, na katika nyumba nyingine ulikuwa miaka.

Kulazimishwa kulikuwepo pia, na si vizuri tukufiche kwa heshima ya wazee. Mjane mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, aliyetolewa mahari ya ng'ombe ambao familia yake ilikwisha kuwatumia, hakuwa na nafasi pana ya kukataa. Akikataa, ng'ombe walidaiwa. Vita vilileta shida ya ziada: wajane walikuwa wengi na warithi wachache, kwa hiyo mwanamume mmoja aliweza kubebeshwa nyumba mbili au tatu ambazo hakuwa na nguvu ya kuzilima. Urithi wa namna hiyo ulikuwa wa jina tu. Wapo wanawake waliotoka. Wengine walikwenda misheni, Maseno kwa Waanglikana au Kaimosi kwa Marafiki (Waquaker), ambako wamisionari walipinga urithi wa wajane kwa nguvu zote na kuwapa hifadhi, ingawa hifadhi hiyo ilikuja na masharti yake, yenye kufanana kwa kiasi fulani na ya kamati za pensheni za Uingereza. Wengine walikwenda Nairobi. Katika Pangani ya zamani, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika Pumwani, wanawake waliotoka kwao kwa kufiwa, kuachwa au kukosa mtoto walijenga nyumba za udongo, wakapangisha vyumba, na wengi wao wakasilimu na kuwaachia nyumba hizo mabinti au watu waliowachagua wenyewe. Majengo, kama wakazi walivyoiita Pumwani, haiko mbali na mahali ilipokuwa kambi ya wapagazi, ambako jina la Kariokor limebaki hadi leo.

Pwani na kwa Waislamu wa bara hali ilikuwa na sura nyingine, na naieleza kwa ufupi. Kizuka, yaani mjane aliye katika kipindi cha kukaa kwa kufiwa na mume, hukaa eda miezi minne na siku kumi, kisha yu huru kuolewa na amtakaye. Fungu lake katika mirathi linajulikana, thumuni ikiwa marehemu ana mtoto na robo ikiwa hana. Hakuna ndugu wa mume anayeweza kumrithi yeye mwenyewe kama sehemu ya tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu. Kwa karatasi, basi, mjane wa Lamu au Bagamoyo alikuwa na haki bora kuliko wenzake wote ninaowataja hapa, Mwingereza akiwemo. Lakini eda huanza na kifo, na kifo chahitaji habari ya kuaminika. Mume aliyepotea huitwa mafkudi, na rai mashuhuri katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, ni kwamba mke husubiri hadi ipatikane yakini ya kifo au kadhi ahukumu kuwa mtu huyo hatarajiwi kuwa hai. Rai ya miaka minne, ambayo Wamaliki wanaishika, haikuwa na nguvu hapa. Kwa hiyo karani wa jeshi aliyekosea kuandika jina alimfunga mwanamke asiyemjua, kwa miaka, katika ndoa na mtu aliyekwisha kufa.

Upande wa Wajerumani ulikuwa na desturi yake. Askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Ujerumani, walisafiri na wake zao, watoto na watumishi, na wengi wa wanawake hao walitembea na jeshi hilo, chini ya kamanda wake Lettow-Vorbeck, hadi Msumbiji, kisha hadi Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, ambako liliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918. Aliyefiwa katika msafara alitafuta ulinzi wa askari mwingine upesi, kwa kuwa mgao wa chakula ulipitia kwa mwanamume. Jeshi hilo lilikuwa limekwisha kuacha kulipa mishahara kwa fedha taslimu muda mrefu kabla ya mwisho. Nyuma yake, huko Ugogo, unyang'anyi wa chakula na ng'ombe uliofanywa na majeshi yote mawili ulizaa njaa iliyoitwa Mtunya, ambayo kwa makadirio ya maofisa wa Kiingereza wenyewe iliua watu wapatao 30,000. Hapo mjane wa vita na mjane wa njaa hawatenganishiki, na hakuna serikali iliyojaribu kuwatenganisha. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai, na husimuliwa kwamba huko Mwanza wazee wasiokuwa na vyeti walipewa ufagio na kuamriwa gwaride kwa Kijerumani, na kila mmoja akatekeleza bila kukosea. Kisa hicho hupendwa sana na wasimuliaji. Mimi hukisikia kwa masikio ya mjane: yeye hakuwa na gwaride la kuonyesha.

Katika ukumbusho wa umma mjane aliachwa vilevile. Sanamu za askari zilizosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 na Nairobi mwaka uliofuata zina maandishi yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanayowaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na kumwahidi anayekufa kwa ajili ya nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Wana, kumbe. Na jina lenyewe halikuandikwa popote, kwa kuwa tume ya makaburi ya vita ya Kifalme iliamua kwamba wapagazi na askari wengi Waafrika watakumbukwa kwa mnara wa jumla, bila kaburi lenye jina kwa kila mtu. Mjane wa Uingereza alipelekewa bamba la shaba lililochongwa jina la mumewe, akaliweka ukutani. Mwaka 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa ya kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni tarehe 22 Aprili mwaka huo.

Msomaji hakuuliza juu ya Vita vya Pili, lakini nataja kidogo kwa kuwa vinaonyesha kwamba kujifunza kuliwezekana. Safari hii askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) aliweza kukata sehemu ya mshahara wake ikafika kwa mkewe kupitia ofisi ya wilaya, na kwa hiyo jina la mke liliingia katika karatasi za serikali. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipozamishwa tarehe 12 Februari 1944 na watu 1,297 wakafa, mamia yao wakiwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, familia ziliweza kutafutwa kwa njia ambayo mwaka 1917 haikuwepo. Malipo yenyewe yalibaki yamepangwa kwa rangi ya ngozi. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza pauni milioni 12 kuwasaidia maveterani wa Jumuiya ya Madola waliofukarika, pamoja na wajane wao. Miaka 73 baada ya vita, waliofikiwa walikuwa wachache.

Limebaki swali la tatu. Kwa upande wa fedha, nisingemshauri msomaji atumie mali yake kwa wakili. Kesi ambayo watu huitaja, ile ya wahanga wa Mau Mau, iliishia mwaka 2013 kwa Uingereza kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, lakini wadai walikuwa hai na waliteswa wao wenyewe; kesi kubwa zaidi iliyofuata, ya wadai wapatao 40,000, ilitupwa London mwaka 2018 kwa sababu muda ulikuwa umepita mno. Dai la salio la mwaka 1917 ni la zamani zaidi ya hayo, na mwenye kudai hayupo.

Kwa upande wa jina, mlango uko wazi. Tume ya makaburi inaendelea kutafuta majina ya waliokufa katika Afrika Mashariki na hupokea ushahidi wa familia. Nyaraka za Taifa mjini Nairobi zina taarifa za kila mwaka za wilaya za Nyanza za miaka hiyo, na mawasiliano ya gavana na London yamehifadhiwa Kew, London, katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, kwenye mfululizo wa CO 533. Kabla ya kwenda huko, familia ikae na wazee na kuandika jina la marehemu pamoja na la babaye na la utani, ukoo, chifu aliyemtoa, na mwaka. Kisha waandike mambo ambayo daftari la jeshi haliwezi kuwa nayo, yaani jina la bibi, kwao alikotoka, tarehe au msimu ambao tunda lilizikwa kama lilizikwa, na ni nani aliyelipia nyumba yake kodi kati ya 1918 na 1922. Swali hilo la mwisho wazee hulijibu kwa urahisi kuliko yote, kwa sababu mara nyingi kulikuwa na mbuzi au ng'ombe aliyeuzwa, na mnyama huyo hukumbukwa hata kwa rangi yake.